Fundi wa boti wa Kashikishi na vitambaa kumi na viwili

Saa mbili kasorobo asubuhi, na ufukwe wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, umekwisha kuamka zamani. Wachuuzi wa chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, wanageuza samaki wao kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani. Redio ya kinyozi inapiga kwaya. Katikati ya pilikapilika hizo, chini ya paa la bati lenye nguzo nne, Hippolyte Kalasa amepiga magoti ndani ya boti ambalo bado halina ubavu mmoja, anapigilia msumari.

Anapiga nyundo mara tatu, anatulia. Midomo inamcheza kama mtu anayesali kimoyomoyo. Kisha anapiga tena.

Hasali. Anahesabu.

“Nakaza kule chini, nahesabu mpaka tano, naachia,” anasema bila kuinua kichwa. “Mara kumi asubuhi, mara kumi muchana, mara kumi magaribi. Hakuna mutu anaona. Wanafikiri ninapima mbao.”

Hippolyte ana miaka sitini na sita. Miezi tisa iliyopita alifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Upasuaji ule ulimwondolea shida iliyokuwa ikimuua polepole, ukamwachia nyingine ambayo aliambiwa lakini hakuisikia: mkojo unaotoka unapotaka wenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenye nyumba.

Upande wa pili wa boti ameketi mkewe, Clotilde, kwenye kigoda. Anasokota pamba iwe kamba nyembamba, anaisukumia katikati ya mbao mbili kwa patasi, kisha anaipaka lami juu. Ndiyo kazi yake tangu walipooana, miaka thelathini na saba iliyopita. Mume huunganisha mbao, mke huziba nyufa.

“Usimuandike kama mugonjwa,” Clotilde anamwonya mwandishi. “Andika fundi. Ugonjwa ulipita hapa tu, kama mugeni.”

*

Hippolyte alizaliwa Pweto, ng’ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye hakuwa na rula wala karatasi. Alipima kwa shibiri na kwa jicho, na maboti yake yalielea sawa.

Mwaka 2017 vita vilipofika karibu na mji wao, familia ilivuka ziwa kwa boti ambalo Hippolyte alikuwa amemaliza kulijenga siku kumi tu kabla. Lilikuwa la mteja. Mteja mwenyewe alipanda pia.

“Tulikuwa bantu makumi mbili na saba ndani,” anakumbuka. “Nilikuwa naangalia chini tu, naangalia kama kuna mahali maji inaingia. Haikuingia hata tone. Ile siku ndiyo nilijua kama miye ni fundi kweli.”

Waliandikishwa Kenani, kwenye kituo cha kuwapokea waliotoka Kongo, kisha wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi na kupewa kipande cha shamba. Clotilde alilima. Hippolyte alijaribu.

“Muhogo haukunijua, na miye sikuujua,” anasema.

Baada ya miaka miwili alipata kibali cha kufanya kazi Kashikishi. Kwanza alikuwa kibarua kwenye banda la mtu mwingine, halafu akapata hili lake. Wenyeji Wabemba wakamwita Ba Hippo. Wakongo wenzake humwita Papa Hippolyte, au kwa kifupi Fundi. Miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapopigwa marufuku ili samaki wazaliane, ndiyo miezi yake ya mavuno: kila mwenye boti hulivuta nchi kavu likarekebishwe.

Shida ilianza kwa kunyata. Kwanza alianza kuamka mara mbili usiku, mara tatu, mara tano. Kisha mkojo ukawa unakuja mwembamba kama uzi, na alisimama muda mrefu kwenye matete mpaka mbu wakamzoea. Akajiambia ni uzee. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

“Alifikiri sioni,” Clotilde anasema. “Mutu unalala naye miaka yote hiyo, anatoka mara tano, weye utasema ni nini? Anaenda kusalimia nyota?”

Mwezi Machi mwaka jana, Jumapili, akitoka kanisani, mkojo ulikataa kabisa. Kufikia saa kumi jioni tumbo lake la chini lilikuwa gumu kama ngoma, na yeye, mtu asiyelia, analia. Walimpeleka hospitalini kwa baiskeli ya jirani, mmoja akiendesha na mwingine akimshikilia nyuma. Mganga alimwingizia mpira wa kutolea mkojo, sonde kama Wakongo wanavyouita, na maji yakajaza mfuko mzima na nusu ya mwingine.

“Nilimukumbatia ule muganga,” Hippolyte anasema. “Nilimuambia, kama ningekuwa na binti moja hajaolewa, ningekupa leo.”

Tezi ilikuwa imevimba na kuubana mlango wa kibofu. Haikuwa saratani, hilo lilithibitishwa baadaye. Lakini dawa hazikutosha tena. Alikaa na sonde miezi mitano akisubiri zamu yake ya upasuaji kwenye hospitali kubwa ya mji wa Mansa. Clotilde alimshonea mfuko wa kitambaa ndani ya mguu wa suruali, wa kuufichia ule wa mkojo, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi, akiinama kwa hadhari kama mtu aliyebeba mayai.

*

Agosti alipasuliwa. Siku ya tisa sonde ikatolewa, naye akakojoa mwenyewe, kwa mkondo ambao hakuwa ameuona tangu ujana wake. Alimwita Clotilde aje asikilize mlangoni.

Kabla hawajaondoka, daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumweleza kwa utulivu kwamba kibofu kilichosukumana na mlango uliofungwa kwa miaka hakitulii kwa siku moja. Kwa wiki kadhaa, pengine miezi, mkojo ungemjia ghafla, au ungemtoka akikohoa au akibeba kitu. Asibebe kizito kwa wiki sita. Anywe maji.

Daktari alisema kwa Kiingereza, muuguzi akatafsiri kwa Kibemba, na Hippolyte akasikia neno moja tu, lile la mwisho: umepona.

Basi lilimfikisha Nchelenge jioni. Aliposhuka kwenye ngazi, mguu ulipogusa chini, suruali ililowa mpaka kwenye goti. Waliokuja kumpokea walikuwa saba, pamoja na mwinjilisti wa kanisa lao. Alijifunika kwa mfuko wa nguo na kusema maji ya chupa yamemmwagikia.

Wiki iliyofuata ndiyo anayoiita mbaya kuliko miezi mitano ya sonde. Alipiga chafya, akalowa. Alicheka, akalowa. Alisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, akakimbia na kufika akiwa amechelewa. Akaacha kunywa maji. Akaacha chai. Na usiku wa nne akakunja mkeka, akautandika upande wa pili wa chumba, mbali na godoro na mkewe.

Asubuhi Clotilde alikwenda sokoni, akarudi na shuka la zamani la flaneli na nailoni ya mfuko wa mbolea aliouosha mara tatu. Akachukua pamba yake ya kuzibia maboti, ile safi ambayo haijaguswa na lami, akaketi mlangoni na sindano. Kufikia mchana alikuwa ameshona vitambaa kumi na viwili, kila kimoja na vifungo viwili vya kukishikiza ndani ya chupi.

Hippolyte alipoviona alikasirika.

“Unanifanya mutoto?”

“Miaka yote naziba boti zako,” Clotilde akamjibu, bila kuacha kushona. “Leo nishindwe kuziba weye?”

Hippolyte alimkazia macho. Halafu akacheka, na kwa kuwa alicheka, akalowa, na hilo likawachekesha wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Siku hiyo mkeka ulirudi nyuma ya mlango, mahali pake.

*

Kilichofuata Hippolyte anakisimulia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeungama.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu atoke hospitalini. Watson, mwenyeji wa Kafutuma mwenye maboti mawili, alikuwa na chombo ambacho ubao wa chini ulikuwa umeoza. Hakumharakisha; alikuja kumjulia hali tu. Lakini Hippolyte alipoona lile boti limelala ubavu, mikono ilimwasha. Clotilde alikuwa ametoka. Akainua ubao wa mninga wa futi kumi na mbili, peke yake, akauweka begani.

Kufikia jioni mkojo ulikuwa mwekundu kama mchuzi wa mawese, na mabonge ya damu ndani yake.

Kliniki alimkuta Dorica, muuguzi mwenye miwani na sauti inayofika mpaka barabarani. Alimlaza, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, akasubiri mkojo uanze kuwa mweupe. Hapo ndipo alipomgeukia.

“Ba shikulu, mliambiwa wiki sita,” alimwambia kwa Kibemba, akimwita babu kama wanavyoitwa wazee huku. “Wiki tatu na wiki sita ni mamoja kwenu? Mkipimiwa ubao nusu mnachukua?”

Labda kwa sababu ya woga wa damu, Hippolyte akamwambia yote: basi, chafya, mkeka, maji aliyoacha kunywa.

Dorica alivuta kiti. Alimweleza kwamba mtu anayeacha maji hakikaushi kibofu bali anakichokoza, kwa kuwa mkojo mzito unauma na kukifanya kitake kumwaga kila saa. Anywe kama kawaida, apunguze jioni tu, na chai ya rangi aiache kabla jua halijazama. Aende kukojoa kwa saa, si kwa dharura: kila baada ya saa moja kwanza, halafu ajivute mpaka saa moja na nusu, mpaka mbili. Na akaze misuli ya chini, ile ile ambayo mtu huikaza anapozuia hewa mbele za watu.

“Kama mahubiri yanapokuwa marefu,” akasema Dorica.

“Kama mahubiri,” Hippolyte akaitikia.

Tangu siku hiyo, kwenye nguzo moja ya banda lake kuna alama za kalamu ya seremala. Mstari mmoja ni siku. Vidoti juu yake ni mara alizolowa. Mistari ya Septemba ina vidoti saba, vinane, tisa. Mtu asiyejua angedhani ni vipimo vya mbao.

*

Mwili ulianza kutii, lakini mtu mwenyewe alikuwa amejifungia. Hippolyte aliimba besi katika kwaya ya kanisa tangu Pweto. Sasa alikaa nyumbani Jumapili. Clotilde aliwaambia watu kwamba ni malaria, na Jumapili iliyofuata, malaria tena.

“Malaria ya mwezi mzima,” anasema Clotilde. “Na miye nilianza kusikia honte, ile haya ya kudanganya mbele ya mazabahu.”

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na uchi ukifichwa, watu huuchora wenyewe. Maneno yakaanza kutembea sokoni. Kwamba Fundi alikatwa vibaya. Kwamba si mwanaume tena. Kwamba amekwisha, mke anamlisha kwa kijiko.

Maneno hayo yalivuka maji. Kwenye Kisiwa cha Kilwa, humo humo katika Ziwa Mweru, ambako hakuna njia ya kufika isipokuwa boti, anaishi Méschac, mfumaji wa nyavu, rafiki ambaye Hippolyte alikua naye Pweto. Méschac naye alikuwa na sonde, mwezi wa nne sasa, na tarehe ya kwenda Mansa alikuwa amekwisha kupewa. Akaikataa.

Habari ililetwa na Pierrette, mchuuzi wa chisense anayekwenda na kurudi Kilwa kila wiki. Mwanamke mpana, mwenye kucheka kwa urahisi, lakini siku hiyo hakucheka. Alisimama mbele ya banda na ndoo yake kichwani.

“Papa Hippolyte, Méschac amenituma. Anasema hivi: kama ile operesheni ni muzuri, juu ya nini Hippolyte anajificha?”

Hippolyte alikuwa ameshika randa. Anasema aliendelea kuranda ubao huo mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

“Lile swali lilinipiga,” anasema. “Nilijiona miye ndiye namuua Méschac. Sonde inaoza, mutu anapata homa, anakufa. Na miye niko hapa nakunja vitambaa vyangu kama siri ya serikali.”

Jioni ile alimwambia mkewe: “Kesho kutwa tunaenda Kilwa.”

“Kwa boti?” Clotilde akauliza. “Saa zote zile?”

“Weye unajua barabara ingine?”

*

Ilikuwa Novemba, wiki moja kabla ziwa halijafungwa, na boti la abiria lilijaa: magunia ya unga, kuku, kreti za soda, wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne. Hippolyte alikojoa kwenye matete ya Kashikishi, akavaa kitambaa, akaweka vingine vitatu mfukoni. Kwa hesabu ya Dorica alikuwa amefikia saa moja na nusu. Injini ilikuwa mbovu. Safari ilichukua zaidi ya saa tatu.

Saa ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili ilipofika katikati, mawimbi yalianza kuligonga boti, na kila pigo lilishuka moja kwa moja mpaka kibofuni. Alikaza, akahesabu tano, akaachia, akakaza. Kitambaa kikalowa. Jasho likamtoka. Ufukwe haukuonekana mbele wala nyuma, na pande zote alizozungukwa nazo zilikuwa magoti ya akina mama.

“Clotilde,” akanong’ona. “Imenishinda.”

Clotilde hakunong’ona. Alisimama katikati ya boti linaloyumba, akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza mbele ya mumewe kama pazia.

“Banamama,” akasema kwa sauti, “muzee wangu alipasuliwa, mikojo haimungojei. Muangalie kule.”

Hippolyte anasema alitamani ziwa limmeze. Halafu Pierrette, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti iliyoshinda injini. Mmoja akaitikia, wa pili, wa tatu, mpaka boti zima likawa linaimba kuelekea Kilwa, nyuso zote zimegeukia mbele, huku fundi akijisaidia ndani ya kopo la rangi nyuma ya kitenge cha mkewe.

Alipomaliza, wimbo ulimalizia ubeti wake bila haraka. Kisha Pierrette akageuka.

“Papa, weye una bahati,” akasema. “Mara moja tu bibi yako anakufungulia kikwembe. Siye banamuke tunapita hapa kila wiki. Toka jana usiku sijakunywa mayi, sababu ya hii boti. Banaume banasimama pale nyuma banamaliza. Siye tunajikaza mpaka tumbo inauma. Miaka kumi sasa. Nani alituimbia?”

Wanawake wakaguna kumuunga mkono. Mmoja, mjamzito, akasema aliwahi kulowa humo humo na kusingizia wimbi.

Hippolyte amejenga maboti tangu akiwa na miaka kumi na saba. Anasema hakuwahi hata mara moja kujiuliza wanawake hukojoa wapi.

*

Méschac alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake, sindano ya kufumia mkononi, mfuko wa mkojo umefungwa kwenye mguu wa kiti. Alikuwa amekonda. Walisalimiana kwa muda mrefu, kama wanavyosalimiana watu wa Pweto, kuanzia wazima mpaka marehemu.

Kisha Hippolyte akatoa mfukoni kitambaa kimoja kikavu na kukiweka juu ya nyavu, mbele ya rafiki yake.

“Hii ndiyo najificha,” akasema. “Si kingine. Mikojo inanitoka. Mwezi wa tisa ilikuwa mara nane kwa siku. Leo ni mara mbili, tatu. Kwa boti nimekojoa mbele ya banamuke kumi na moja, na niko muzima.”

Méschac alikishika, akakigeuza, akabonyeza pamba yake.

“Na kule kwa tumbo? Inauma?”

“Inauma wiki mbili. Halafu inawasha. Halafu unasahau.”

“Na damu?”

“Damu ilikuja sababu ya kichwa yangu ngumu. Nilibeba ubao.”

Méschac alitazama kulia na kushoto. Clotilde alikuwa ameketi kando, anamenya karanga.

“Na ile ingine?” akauliza kwa sauti ya chini kabisa. “Mambo ya nyumba?”

Clotilde ndiye aliyejibu, macho yake kwenye karanga.

“Uliza miye, shemeji. Ni kama treni ya zamani. Inachelewa, lakini inafika.”

Méschac alicheka mpaka akashika sonde yake kwa maumivu. Hippolyte anasema alilowa, na mara hiyo hakujali. Siku ya kuondoka kwao, Méschac aliomba vitu viwili: tarehe nyingine ya Mansa, na kitambaa kile, akitunze kama mfano, mkewe amshonee vingine.

Jumapili iliyofuata Hippolyte alirudi kanisani. Aliketi mwisho wa benchi la besi, karibu na mlango. Katikati ya mahubiri alitoka, akarudi, akaendelea kuimba. Mwinjilisti alipomuuliza baada ya ibada kama malaria imekwisha, akamjibu mbele ya watu kwamba haikuwa malaria.

*

Leo, vidoti kwenye nguzo vimepungua. Mwezi huu wa Mei una siku kumi na moja zisizo na kidoti hata kimoja. Vitambaa kumi na viwili vimebaki vinne vya kazi. Vingine Clotilde amevigawa. Hippolyte bado habebi ubao mzito peke yake, na chai ya jioni ameiaga. Msimu uliopita alitengeneza maboti mawili, badala ya matano aliyoyazoea.

“Daktari anasema pengine itabaki kidogo, pengine itaisha,” anasema. “Kama ni hii kidogo, nitakaa nayo. Nimekaa na mambo mubaya zaidi.”

Wanaume huja bandani. Huanza kwa kuuliza bei ya boti. Wanazunguka, wanagonga mbao kwa vidole, wanauliza mninga umetoka wapi. Hippolyte huwaacha mpaka wachoke.

“Halafu namuuliza: tata, baba yangu, unaamuka mara ngapi usiku?”

Dorica anasema tangu Januari watu wanane wamefika kliniki wakitumwa na fundi. “Mimi nikisema, wanaitikia ‘mukwai’ kwa adabu na kwenda zao,” anaeleza. “Yeye akisema, wanakuja.”

Méschac alipasuliwa Aprili. Hupiga simu kila baada ya siku mbili kutoka Mansa, alikobaki kwa ndugu zake mpaka apate nguvu, na hutoa ripoti kwa sauti ya juu bila kujali nani yuko karibu. Juzi alipiga kusema amepiga chafya na hakulowa. Hippolyte alisimamisha kazi ili kupokea habari hiyo kwa heshima inayostahili.

Boti analolijenga sasa, hili ambalo bado halina ubavu mmoja, ni la Pierrette na wenzake sita wachuuzi wa Kilwa. Urefu wake ni mita tisa. Nyuma kabisa, kabla ya mahali pa injini, mbao zimeachiwa nafasi ya mraba ambayo haipo kwenye boti jingine lolote ufukweni. Watu wamekuja kuuliza. Mmoja alidhani ni ya kuwekea barafu.

Ni chumba cha kujisaidia: kuta nne za ubao mwembamba, kiti chenye tundu, ndoo yenye mfuniko, na paa dogo la kuzuia mvua. Hippolyte alikichora kwanza mchangani, akakifuta mara nyingi, kwa sababu uzito ukikaa nyuma mno boti linainua pua. Amesogeza magunia mbele kwenye mchoro wake mpaka limekaa sawa. Anataka liingie majini Agosti, na akimaliza hilo, kila boti la abiria atakalolijenga litakuwa na chumba hicho, mteja atake asitake.

“Asiyetaka aende kwa fundi mwingine,” anasema. “Atawaeleza banamama yeye mwenyewe.”

Pierrette amepita kukagua, ndoo ya chisense kichwani. Anaitua, anakunja kitenge, anaingia ndani ya boti na kuketi kwenye kiti ambacho bado hakina kuta, ananyoosha shingo kutazama ziwa lilivyo kutoka hapo. Wapita njia wanamshangaa. Anakaa kitambo, kama mtu anayejaribu kiti cha enzi.

“Mulango utafungwa?” anauliza.

“Utafungwa,” Hippolyte anajibu.

“Kitasa utaweka wapi?”

Fundi anachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio, anainama kwa hadhari, na kutia alama kwenye ubao.

“Ndani,” anasema. “Kwa ndani, mama. Utafungua weye mwenyewe, ukimaliza.”